Ruta ya ushirika: tulivyofunga milango, na nilivyojifungia nje

Mazingira

Ni chama cha akiba na mikopo katika mji mdogo upande wa Rungwe, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa Coaster kutoka Mbeya. Jina la chama nimeliondoa, anwani za IP nimezibadilisha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyaacha. Wanachama wengi ni wakulima wa chai, ndizi na viazi. Ofisi ina vyumba vinne, kompyuta saba, printa mbili na ukumbi wa kusubiria wenye mabenchi. Siku za malipo watu hujaa humo hadi barazani.

Ruta ni MikroTik nyeupe ya matundu matano, iliyokuwa chini ya kaunta ya mapokezi, juu ya boksi la karatasi. Aliyeifunga ni fundi wa hapohapo mjini ambaye baadaye alihamia Dodoma. Kiswahili chetu hapa kina mchezo wake: kufunga ruta ni kuiweka ifanye kazi, na kufunga ruta ni kuizuia isiingiliwe. Fundi yule alifanya la kwanza tu. Ruta ya aina hii ikiwashwa mara ya kwanza humuuliza mtu kama abaki na mipangilio ya kiwandani au aiondoe. Yeye aliiondoa, kama wanavyofanya mafundi wengi, ili aipange kwa mkono wake. Asichokumbuka ni kwamba fayawoli ya kiwandani, yaani kizuizi kinachochuja nani aingie, huondoka nayo. Alitengeneza mtandao mmoja, 192.168.88.0/24, ukabeba kila kitu: kompyuta ya mhasibu, printa, simu za wanachama ukumbini. Kila simu ilipangiwa Mbps 1, ofisi ikaachiwa zaidi. Nywila ya waifai ilibandikwa ukutani juu ya mabenchi, na nywila ya kuingilia ndani ya ruta ilikuwa hiyohiyo.

Kwa muda mrefu hakuna kilichoharibika, na sababu yake ndiyo iliyotupumbaza sote baadaye. Intaneti ilitoka kwenye modemu ya 4G. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na kila mteja hupewa anwani ya ndani, mara nyingi katika kundi la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Mtu wa nje hawezi kuigonga ruta iliyo huko nyuma hata kama milango yake yote iko wazi. Ruta ya ushirika ilikuwa kama nyumba isiyo na kitasa iliyojengwa katikati ya ua wa watu wengine.

Malalamiko

Faiba ilipofika mjini, ushirika ulihama. Walichukua kifurushi cha Mbps 20 na wakaomba anwani ya umma isiyobadilika, kwa sababu walitaka baadaye kufunga kamera. Mafundi wa faiba walichomeka kebo yao kwenye tundu la kwanza la ruta ileile, wakahakikisha intaneti inafunguka, wakaondoka. Kazi yao iliishia hapo, sina la kuwalaumu.

Wiki tano baadaye meneja alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nieleze. Tulihama kwenye modemu tupate kasi. Mbona sasa tunalipa zaidi na tunasubiri zaidi? Mhasibu anafungua ukurasa mmoja, anakwenda kunywa chai, anarudi bado unazunguka."

Nilimwambia amwombe mtoa huduma aipime laini kwanza. Laini ilikuwa nzima. Nikapanda gari Ijumaa asubuhi.

Nilichokikuta

Nilianza na jambo la kijinga ambalo husaidia kuliko vifaa vya ghali: tulichomoa kila kebo ya ofisi na kuzima waifai, ikabaki laptopu yangu peke yake. Laini ilipaswa kuwa tupu. Badala yake ruta ilikuwa ikitoa nje karibu Mbps 18, na kichakataji chake kimegota asilimia 100. Jengo zima limenyamaza, ruta inahema.

Nikafungua kifaa cha Torch kilichomo ndani ya ruta, kinachoonyesha nani anaongea na nani. Mistari ilikuwa ikishuka haraka kuliko jicho, yote ikipitia mlango wa 53, yaani DNS, huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ruta ilikuwa imeruhusiwa kujibu maswali ya DNS ya watu wengine, jambo la kawaida kwa kompyuta za ndani, ila bila fayawoli ilikuwa ikimjibu yeyote duniani. Kuna watu wanaotafuta ruta za namna hii. Wanatuma swali dogo la baiti chache, wakighushi anwani ya mtumaji ili ionekane limetoka kwa mtu wanayetaka kumzamisha. Ruta inatuma jibu kubwa mara nyingi zaidi ya swali, na linamwangukia huyo asiyejua kitu. Ushirika wa wakulima wa chai ulikuwa unalipia silaha ya kumpiga mtu ambaye hawatamjua kamwe.

Hiyo ndiyo iliyokula kasi. Kitabu cha kumbukumbu cha ruta kilikuwa na habari nyingine:

`login failure for user root from 203.0.113.47 via ssh`

Mistari ya namna hiyo ilijaza kurasa, mara root, mara admin, mara test, kutoka anwani tofauti tofauti. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu vitasa. Hapakuwa na mstari wa mgeni aliyefanikiwa kuingia, lakini kitabu chenyewe hakikufika mbali: kilianza siku mbili nyuma. Ruta hii huandika kumbukumbu zake kwenye RAM, na umeme ukikatika zinafutika. Zaidi ya hapo, haikuwa imepangiwa saa ya mtandao, na haina betri ya kutunza saa, hivyo kila ilipowaka ilirudi Januari 1970. Tukio la jana lilikuwa na tarehe ya kabla sijazaliwa.

Toleo la programu lilikuwa 6.39. Hapo nilikaa kitako. Aprili 2018 mtengenezaji alitoa toleo 6.42.1 kuziba kasoro iliyomwezesha mtu kupitia mlango wa Winbox (programu ya kuisimamia ruta), namba 8291, kusoma faili la watumiaji bila kuwa na nywila. Marekebisho yalikuwepo miaka mingi, ila yanamhitaji mtu ayaweke. Mwaka 2021 mtandao wa mashambulizi ulioitwa Mēris ulitumia ruta nyingi za aina hii, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kufikirisha: nyingi zilikuwa zimeingiliwa mwaka 2018, wenyewe wakaweka sasisho bila kubadilisha nywila, na mwizi akarudi na ufunguo wake wa zamani.

Foleni yenye jina "saluni"

Nilipopitia orodha ya mgawanyo wa kasi nilikuta kitu ambacho hakikutoka ng'ambo. Juu kabisa, kabla ya wote, palikuwa na foleni iliyoandikwa "saluni", haina kikomo cha kupakua wala kupakia. Foleni hizi ruta huzisoma kutoka juu kwenda chini, inayolingana kwanza ndiyo inayotumika, kwa hiyo aliyeipandisha juu alijua anachofanya. Anwani ilikuwa ya simu ya kinyozi wa fremu ya jirani. Simu za wanachama zilikuwa zikigawana makombo, na kinyozi anaangalia mpira bila kukatika.

Meneja alikasirika kweli. Alijua kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Alitaka twende kituoni siku ileile. Nilimwomba tusubiri, kwa sababu moja tu: hatukuwa na ushahidi wa nani. Ruta ilikuwa na mtumiaji mmoja, admin, na nywila yake ilikuwa imebandikwa ukutani. Kila aliyewahi kukaa kwenye lile benchi angeweza kuwa admin.

Jioni nilimpigia fundi wa Dodoma. Nilimsomea jina la foleni. Akacheka.

"Kaka, hiyo ni yangu. Yule bwana alikuwa ananinyoa bure, nikamwachia kidogo. Nikasahau kuitoa nilipohama."

Kinyozi hakujua hata kama kuna ruta. Aliambiwa "tumekuwekea mtandao mzuri", akashukuru. Nilipompa meneja habari hizo alinyamaza muda, kisha akasema, "Ningemweka ndani mtu anayemnyoa mume wangu."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusafisha au kujenga upya. Kusafisha ni haraka: unaweka sasisho, unabadilisha nywila, unafuta usichokijua. Lakini ruta yenye toleo la zamani ilikuwa imesimama wazi kwenye intaneti wiki tano, na kitabu cha kumbukumbu kinachosahau kila umeme unapokatika hakiwezi kukuapia kwamba hakuna aliyeingia. Nilitafuta dalili zinazojulikana: kazi za ratiba zinazopakua hati kutoka nje, huduma ya SOCKS (ya kupitishia mawasiliano ya wengine) iliyowashwa, kanuni ngeni. Sikuona. Kutoona hakukunitosha. Tukaamua kuifuta yote kwa Netinstall, programu ya kuisakinisha ruta upya kutoka kwenye kompyuta, na kuweka toleo la 7. Mipangilio ya zamani niliitoa kama maandishi kwa `/export`, nikaisoma mstari kwa mstari na kuandika upya ninachokitaka. Nakala ya akiba ya kawaida sikuirudisha, maana ingerudisha na uchafu wake.

Wa pili ulikuwa kugawa mitandao. Ofisi ikapewa 192.168.10.0/24, wageni wa ukumbini 192.168.20.0/24, na usimamizi ukapewa 192.168.99.0/24 ambao unapatikana kwenye tundu la tano pekee, kwa kebo. Kwa fundi wa mbali tuliweka VPN (njia ya siri ya kuingia kupitia intaneti) ya WireGuard, iliyokuja na toleo la 7, yenye anwani zake 10.99.0.0/24. Ruta ikubali kusimamiwa kutoka hizo mbili za mwisho tu, tundu la tano na VPN, basi. Hata kompyuta ya meneja isiweze. Hapo alihoji, na kwa haki: "Mimi ndiye mwenye ofisi, unanizuiaje?" Nilimjibu kwamba kompyuta yake ndiyo inayofungua barua pepe za watu wote, na kirusi kikiingia humo kitakuwa na mamlaka yaleyale aliyonayo yeye. Alikubali, kwa sharti kwamba nywila kuu iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya sefu yake.

Wa tatu: hakuna tena admin. Mimi nikapata mtumiaji wangu, fundi wa Dodoma akapata wake wa kusoma tu kwa mwezi wa makabidhiano, na kijana wa mafunzo kwa vitendo akaahidiwa wake atakaporudi kutoka chuo. Meneja alitaka fundi wa Dodoma asipewe chochote. Mimi nilimtetea. Anaijua ile nyaya yote iliyo juu ya dari, na mtu uliyemnyima mlango wa mbele kwa hasira hukumbuka dirisha.

Kuna mtu pia alipendekeza tubadilishe namba ya mlango wa Winbox kutoka 8291 tuweke namba isiyojulikana, mambo yaishe. Sikuona sababu. Inapunguza kelele kwenye kumbukumbu, lakini haimzuii anayejaribu namba zote, na inamchanganya fundi atakayekuja baada yangu.

Siku ya kufunga

Kazi ilifanyika Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa. Huduma zisizotumika zilizimwa kwanza:

`/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl`

Zikabaki SSH (ya kuingia kwa amri za maandishi) na Winbox, nazo zikapewa anwani zinazoruhusiwa. Watu wengi huishia hapa wakaridhika. Kizuizi cha huduma kinalinda huduma hizo tu. DNS haimo katika orodha ile, kwa hiyo kama tungeishia hapo, ruta ingeendelea kujibu maswali ya dunia nzima na kasi isingerudi. Ndiyo maana ilihitajika fayawoli kwenye mnyororo wa `input`, unaosimamia kila kinachoelekezwa kwa ruta yenyewe.

Mpangilio wa kanuni ulikuwa wa kawaida: mawasiliano yaliyokwishaanzishwa yapite, yaliyoharibika yatupwe, ping ipite, mlango wa WireGuard uwe wazi kwa nje, wasimamizi waruhusiwe, na mstari wa mwisho utupe yote yaliyobaki. Siku hiyo nilikuwa mlegevu kwa makusudi: niliruhusu chochote kutoka ndani na chochote kutoka VPN, nikafunga nje peke yake. Kasi ilirudi papo hapo. Kichakataji kilishuka hadi asilimia 6. Mhasibu, aliyekuja kwa sababu alikuwa na ripoti ya kumalizia, alifungua ukurasa wake na kusema "Eeh!" kama mtu aliyemwagiwa maji.

Kuna mlango mmoja niliuzima palepale, na naona ndio unaosahaulika kuliko yote. Ruta hii inaweza kusimamiwa kwa anwani ya MAC, ile ya kifaa chenyewe, bila IP kabisa. Njia hiyo fayawoli ya IP haiioni. Mtu aliyekaa ukumbini kwenye waifai ya wageni angeweza kufungua Winbox kwenye laptopu yake, akaona ruta imejitokeza yenyewe kwenye orodha ya majirani, akabofya. Tuliiacha kwenye tundu la tano pekee, na kujitangaza kwa majirani vilevile.

Jumapili usiku

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Kukaza kwa mwisho kulikuwa kumebaki: kuondoa ile ruhusa ya "chochote kutoka ndani na VPN" na kuweka orodha kamili ya wasimamizi. Hakukuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nyumbani Mbeya, nimekula, watoto wamelala, nikasema nimalize leo nisianze nayo wiki. Nikaingia kwa VPN. Nikaandika orodha: 192.168.99.0/24, na ya pili ikawa 10.9.0.0/24. Tisa moja nimeimeza. Nikaiongeza kanuni inayoruhusu orodha hiyo, nikafuta ile legevu, nikabana pia DNS iwe kwa mtandao wa ofisi.

Dirisha la Winbox halikutikisika. Nilibofya huku na kule, kila kitu kinajibu. Nikajipongeza, nikafunga laptopu.

Kilichonidanganya ni kanuni ya kwanza kabisa, ile inayosema mawasiliano yaliyokwishaanzishwa yapite. Kikao changu kilikuwa kimeanza kabla ya kukaza, kwa hiyo ruta iliendelea kukitambua kama mtu aliye ndani tayari. Ningefungua dirisha la pili, kikao kipya, kingegonga ukuta papo hapo nami ningeona kosa wakati bado nina mkono mmoja ndani. Na hali ya usalama ya RouterOS (programu ya ruta hii), ile inayorudisha mabadiliko yote kikao kikikatika ghafla, nisingesema ingeniokoa. Kikao hakikukatika. Ningeifunga mwenyewe kwa utaratibu, na mabadiliko yangebaki.

Jumatatu saa 2 na nusu asubuhi simu ikalia. Ilikuwa siku ya malipo. Ofisi ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila ukumbini simu zote zimeunganishwa kwenye waifai na hakuna kinachofunguka. Wanachama wanaangalia salio kwa simu, hivyo foleni ya dirishani ilikuwa imefika nje, na nje kunanyesha. Nilijua kosa kabla hajamaliza sentensi: wageni hawakuruhusiwa mlango wa 53, simu haziwezi kutafsiri jina lolote. Marekebisho ya nusu dakika. Nikawasha VPN. Ikaonyesha imeunganishwa, ping inajibu. Nikafungua Winbox. Kimya. Nikafungua SSH. Kimya. Nilirudia mara tano, kama mtu anayepapasa mfuko uleule akitafuta funguo alizoziona mezani.

Kule ofisini hapakuwa na laptopu yenye Winbox, na kijana wa mafunzo alikuwa bado chuoni. Bahasha ya sefu ilikuwa na nywila sahihi kabisa isiyo na mahali pa kuingizwa. Nikashuka stendi. Mvua ilitushika Igawilo, ikaongezeka Isyonje, na Kiwira gari lilisimama kusubiri lori lililokuwa limeziba njia. Nilifika saa 6 kasoro. Nilichomeka kebo kwenye tundu la tano, nikaingia, nikarekebisha tarakimu moja na kuongeza kanuni moja ya DNS. Dakika 2 za kazi, saa 3 za njiani. Bibi mmoja ukumbini, aliyeona simu yake imefunguka, alinigeukia akasema "Ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba aliyeifunga ni mimi.

Hali ilivyokuwa baadaye

Mwezi mmoja baadaye kasi ilikuwa ile wanayoilipia. Kumbukumbu sasa zinatumwa kwenye kompyuta moja ya ofisi na haziendi na umeme. Saa ya ruta inasoma sawa. Mstari wa kushindwa kuingia kutoka nje haujaonekana tena, si kwa sababu wagongaji wameacha, ila kwa sababu wanatupwa kabla ya kufika kwenye kitasa. Kinyozi anatumia waifai ya wageni kwa Mbps 1 kama wenzake na amelalamika mara mbili.

Uchambuzi

Tatizo lililoniita halikuwa lile nililokwenda kulifunga. Meneja alilalamikia kasi, mimi nikamtengenezea udhibiti wa usimamizi. Vyote viwili vilitoka kwenye shina moja, ruta isiyo na mnyororo wa `input`, lakini nisingechomoa kebo zote kwanza na kuangalia kinachotoka, ningeweza kubadilisha nywila, kuzima telnet, na kuondoka nikiwa nimeacha ugonjwa palepale.

Kosa la msingi halikufanywa siku moja. Fundi wa kwanza aliifunga ruta iliyofaa kwa mahali ilipokuwa, nyuma ya modemu. Mafundi wa faiba walichomeka kebo nzima kwenye ruta inayofanya kazi. Meneja aliomba anwani ya umma kwa sababu ya kamera, ombi la busara. Hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la kuuliza ruta ile sasa inatazamana na nani. Tangu kisa hiki, mteja akiniambia anahamia faiba, swali langu la kwanza ni kama anwani itakuwa ya umma, na la pili ni nani atakagua ruta kabla kebo haijachomekwa.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni tundu la tano. Niliweka njia ile kwa ajili ya dharura ambazo nilidhani zitasababishwa na wengine. Bila hiyo ningelazimika kubonyeza kitufe cha kufuta yote siku ya malipo, na kujenga ruta upya mbele ya umati. Kugawa mitandao nako kulilipa: kosa langu la DNS liliwaumiza wageni, ofisi ikaendelea.

Watumiaji binafsi ni jambo ambalo watu huliona kama la kiofisi, urasimu. Hapa lilikuwa linamhusu kinyozi. Palipokuwa na admin mmoja, kumbukumbu zote zilisema ukweli usiomtaja mtu, na hasira ikamwangukia mwenye simu. Namshukuru meneja kwa kukubali kusubiri saa chache zile.

Jaribio moja lilitupa faida ambayo sikuitarajia. Baada ya kurekebisha yote nilikaa ukumbini na simu yangu kwenye waifai ya wageni, nikajaribu kufungua ruta kwa 192.168.20.1, ikakataa. Halafu nikajaribu 192.168.10.1, anwani ya ruta upande wa ofisi. Nayo ilikataa, kwa kuwa mnyororo wa `input` unahusu anwani zote za ruta. Nimeona mahali pengine wamezuia anwani moja tu ya upande wa wageni, na mgeni akizunguka kwa anwani ya upande wa pili anafunguliwa.

Upande wangu, nilivunja mambo matatu usiku mmoja: nilikaza kwa mbali kitu ambacho kingeweza kukazwa Jumamosi nikiwa na kebo mkononi, nilijaribu kwa kikao cha zamani, na niliandika kanuni kabla ya kuandika orodha ya nini kila mtandao unahitaji kutoka kwa ruta. Orodha hiyo ingekuwa na mistari minne. Sasa naiandika kwenye daftari kabla ya kugusa kibodi, na kanuni ya kutupa yote siiwashi bila kufungua dirisha la pili. Kikao cha kwanza nakiacha wazi hadi cha pili kikubali.

Limebaki la ruta yenyewe kukaa chini ya kaunta. Kitufe cha kufuta mipangilio kiko nyuma yake, na mtu akikibonyeza kwa kalamu huku akiiwasha ruta upya anaweza kumaliza kazi yote ya fayawoli kwa sekunde chache. Nilipendekeza sanduku la bati lenye kufuli, fundi wa chuma wa hapo mjini akalichomelea, likafungwa ukutani mahali pa juu. Nilipopita mwezi uliofuata lilikuwa limekaa vizuri, limepakwa rangi ya kijani ya chama. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari pembeni yake, una kibandiko: RUTA.